Nyumba Inalia, Bwana Karani

Mimi sikukimbia umande. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo chanzo cha mateso yangu. Wenzangu waliokimbia umande kule Uvira leo wana amani zao: wanauza nyanya hapa sokoni Dzaleka, wakichoka wanalala, na hakuna anayewaamsha kuwauliza maana ya neno. Mimi niliyeloa miguu kila asubuhi njiani kwenda shule, nikatiwa Kifaransa kwa kiboko, kisha Kiingereza nikajitia mwenyewe kwa shida nilipofika Malawi, nimegeuka mali ya umma. Mtu akipata karatasi ya Kiingereza anakuja kwangu, karatasi mkono huu, kigoda mkono ule. Karatasi siiogopi. Kinachonitisha ni kigoda, kwa sababu maana yake mtu amekuja kukaa.

Masika haya karatasi inayozunguka mtaani kwetu inahusu nyumba. Sisemi imetoka kwa nani. Hapa karatasi hutoka pande zote na mwisho wa safari zake ni barazani kwangu. Inauliza kuta zikoje. Wameweka visanduku vitatu, na agizo kwa herufi nene kwamba kitiwe tiki kimoja tu: dry, damp, wet. Cha kwanza ni kukavu, hakina mjadala, wala hakijapata mteja tangu Desemba. Cha mwisho ni kulowa, hata mtoto wa chekechea anakijua. Balaa limekaa katikati.

Wa kwanza kuniletea alikuwa mama jirani, mtu mzima wa kutoka Fizi, ambaye akishaniita "mwanangu" najua kazi ni ya bure.

"Mwanangu, andika hivi: nyumba inalia."

"Inalia vipi, mama?"

"Inalia usiku. Asubuhi inakuwa imechoka kulia, jua likipanda inanyamaza. Jioni inaanza tena. Na huku chini, kwenye mguu wake, imevimba. Ukibonyeza, kidole kinaingia."

"Mama, hapa kuna kukavu, kuna hiki cha katikati, na kuna kulowa. Kisanduku cha kulia hakipo."

"Basi chora kimoja."

Sikuchora. Lakini nakiri kwamba sijasikia mhandisi aliyeieleza nyumba vizuri kuliko yule mama, na mhandisi hulipwa.

Kwa asiyepajua, Dzaleka ipo wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushei kaskazini mwa Lilongwe. Zamani za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la watu waliomchukiza kisiasa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kwa ajili ya wakimbizi, pakipangwa kubeba watu kati ya 10,000 na 14,000. Sasa tumepita 50,000, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachotupatanisha na kutugombanisha. Mitaa yetu imepewa majina ya miji na maeneo ya Malawi yenyewe, kwa hiyo mtu anaweza kunywa chai Blantyre, akaazima chumvi Zomba na kurudi kulala Kawale bila kupanda gari. Nyumba nyingi ni za tofali za udongo zilizokaushwa kwa jua, ambazo hazikuonja tanuri. Tofali ya namna hiyo ina vinjia vyembamba kuliko unywele, na maji ya ardhini hupanda humo yenyewe, bila pampu wala ruhusa, mpaka yafike mahali ambapo hewa inayakausha kwa kasi ileile yanayopandia. Hapo huacha mstari wa chumvi nyeupe, na plasta huanza kubabuka. Nina chumvi ukutani ya kutosha ukoo mzima, ila haifai kwenye mboga.

Simzungumzii Freddy, kimbunga kilichopiga kusini mwa Malawi Machi 2023 na kuua mamia ya watu. Yale si ya safu kama hii. Ninazungumzia unyevu mdogo mdogo, usio na jina la kimbunga, ambao hakuna atakayekuja kuupiga picha. Ule unaoingia kwenye unga, kwenye kiberiti, kwenye cheti cha ubatizo, kwenye godoro upande wa ukutani ambao mke wangu amenigawia mimi kwa sababu anazozijua mwenyewe.

Tusijidai kwamba ni Waingereza tu wenye shida ya maneno. Kiswahili chetu nacho kina kabati. Nguo iliyotoka kufuliwa tunaiita mbichi, ingawa sijawahi kuona iliyoiva. Mtu akinyeshewa analowa chepechepe. Njia inakuwa tepetepe. Alfajiri nje kuna ukungu, na ndani mkate umeota ukungu, na kwangu hilo neno moja limetenda haki, kwa sababu ule wa nje na ule wa ndani hukutana dirishani na kusalimiana. Halafu kuna rutuba. Waarabu walitupa neno hilo likiwa na maana ya unyevu tu. Babu zetu wakalitazama kwa jicho la mkulima, wakaona udongo usio mkavu ndio unaozaa, likawa sifa ya shamba. Kwa hesabu hiyo chumba changu cha kulala ndicho chenye rutuba kuliko mashamba yote ya Dowa. Uyoga ulishachungulia chini ya kitanda, nikaung'oa kabla mama jirani hajauona na kuuombea mboga.

Wenyeji wetu Wamalawi wana kunyowa, ambako ndiko kulowa kwetu, na watu wa kusini wana chiperoni: ile mvua nyepesi ya baridi inayotanda siku kadhaa mfululizo mwaka unapofika katikati, huko Thyolo na Mulanje. Imepata jina kutokana na mlima Chiperone ulioko Msumbiji, upande inakotokea. Hilo ndilo ninaloliita neno. Linakuambia ni unyevu gani, msimu gani, na nani wa kulaumiwa. Ukiisikia chiperoni unajua utafute blanketi. Ukiisikia damp unatafuta nini?

Nilimpendekezea mama jirani "unyevunyevu". Aliliangalia neno kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

"Unyevunyevu ni wa sabuni uliyoisahau kwenye kisahani," alisema. "Wangu una nguvu."

Basi nikaanza kuitafuta asili ya hii damp, ili nijue mtu ninayegombana naye ni mtoto wa nani. Na hapo ndipo nilipokasirika kweli, kwa sababu hilo neno halikuzaliwa na maji hata kidogo. Lilizaliwa na hewa mbaya. Ni jamaa wa maneno ya Kijerumani na Kiholanzi yenye maana ya mvuke, na lilipoingia Kiingereza katika enzi za kati lilimaanisha moshi au gesi ya kudhuru, inayopanda kutoka ardhini. Wachimba makaa ya mawe ndio waliolishika sana. Chini huko walikuwa na damp za aina aina, na kila moja na namna yake ya kuua. Kulikuwa na damp ya moto, ambayo ni methani, ikikutana na mshumaa inalipuka. Kulikuwa na damp nyeusi, hewa iliyokwisha kuliwa, taa inazimika kwanza kisha mwenye taa. Damp nyeupe ni kaboni monoksidi, haina harufu, unasinzia tu. Kulikuwa na damp ya kunuka, yenye harufu ya mayai viza. Na baada ya mlipuko ilikuwapo damp ya baadaye, ya kuwamalizia waliosalimika. Mwaka 1812 mgodi wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka na kuua watu 92, wengine watoto. Miaka 3 baadaye Humphry Davy akatengeneza taa yake ya usalama, yenye wavu wa waya unaoukinga mwali usiikute gesi.

Hao walikuwa watu waliojua kutengeneza fomu. Visanduku vitano, kila kimoja kina rangi au harufu yake, na ukitia tiki pasipo, unakufa. Mimi leo nimeletewa kisanduku kimoja kisicho na rangi, na nikitia tiki pasipo, hakuna linalotokea. Nikitia tiki panapo pia hakuna linalotokea, lakini hayo tuyaache.

Kutoka kwenye gesi inayozima taa, neno likapanua biashara. Kitenzi chake kikawa kuzima, kukaba, kufifisha: moto unafifishwa, sauti ya nyuzi za piano inakatwa, furaha ya watu inakatwa. Kuna wakati, karne ya 16, mtu aliyeduwaa akapigwa bumbuwazi naye aliitwa damp. Maana ya majimaji kidogo, hii iliyonikalia kwenye karatasi, ndiyo iliyochelewa kuliko zote. Ilikuja kutawala karne ya 18. Kwa maneno mengine, walichukua jina la kitu kilichokuwa kinaua watu chini ya ardhi, wakalipunguza makali kidogo kidogo, mpaka likawa jina la taulo.

Na Wajerumani hawakuliacha huko Ulaya. Kwao mvuke ni Dampf na meli ya mvuke ni Dampfer, na mojawapo ilikuwa hapa kwetu ziwani. Iliitwa Hermann von Wissmann, ikielea Ziwa Nyasa tangu miaka ya 1890. Agosti 1914 vita vilipotangazwa Ulaya, Waingereza wa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, walikuwa na meli yao yenye mizinga, Gwendolen, na nahodha wake Rhoades alipata habari mapema kuliko nahodha wa Kijerumani, Berndt, ambaye wanasimulia kwamba alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Tarehe 13 Rhoades akatokea Sphinxhaven, ambako leo ni Liuli upande wa Tanzania, akampiga mzinga rafiki yake. Inasemekana Berndt alitoka kwa mtumbwi akifoka kuuliza kama mwenzake amelewa. Linalonifurahisha mimi ni kwamba ile Dampfer wakati inapigwa haikuwa majini. Ilikuwa imevutwa nchi kavu kutengenezwa. Kwa hiyo damp ya kwanza iliyotiwa tiki rasmi na serikali katika ziwa hili ilikuwa kavu kabisa.

Waingereza nao kwa mvuke wana neno lao jingine, ambalo ndilo lililotupa stima. Kwetu stima ilikuwa meli, Kenya ikapanda hadhi ikawa umeme. Hebu fikiria ukoo huu. Mvuke mmoja: huko Nairobi umewasha balbu, na hapa Dowa umeozesha shati langu la Jumapili.

Nilipomweleza mama jirani haya yote, kwa urefu, na kwa mikono, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ile ya kunuka inaruhusiwa kuandikwa, maana nyumba yake nayo inanuka.

Usidhani ndugu za damp ni watu wa afadhali. Wet angalau ni mtu mwaminifu. Ni damu moja na neno lao la maji, na mbali kidogo ni jamaa wa vodka ya Warusi, ambayo ni maji madogo, kwa wanaoamini. Lakini hata huyo wamemtukana. Huko Uingereza mtu mlegevu, asiye na msimamo, huitwa mlowevu. Margaret Thatcher aliposhika serikali mwaka 1979, mawaziri wa chama chake waliosita kubana matumizi kwa ukali alioutaka waliitwa hivyo hivyo, walowevu, na mwaka 1981 akawafuta kazi kadhaa. Mtu anafukuzwa uwaziri kwa unyevu! Ingekuwa hapa kwetu masika, kamati yote ya mtaa ingebaki na mjumbe mmoja, yule mwenye bati jipya.

Moist ndiyo yenye visa. Hilo walilichukua kwa Wafaransa wa kale, na inadhaniwa lilitokana na neno la Kilatini la kitu chenye ute na ukungu, la nasaba moja na kamasi. Pamoja na nasaba hiyo, zamani lilikuwa neno la heshima. Chaucer, mshairi wao wa karne ya 14, ana mwanamke wa mji wa Bath aliyemvika viatu vya namna hiyo, na maana yake ni kwamba viatu vilikuwa vipya, ngozi laini. Leo watu hawataki hata kulisikia. Mwaka 2016 Paul Thibodeau wa chuo cha Oberlin, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu neno hilo moja, na akakuta karibu mtu mmoja katika kila watano linamsisimua mwili vibaya. Si kwa sauti yake, alisema, bali kwa mambo ya mwilini linayoyakumbusha. Nawaonea wivu. Yaani watu wana kuta kavu kiasi kwamba wanabaki na nafasi ya kuchukia neno. Mimi kitu chenyewe nimelala nacho mgongo kwa mgongo, neno nitalichukia saa ngapi?

Mwishowe niliamua kuuliza wenye lugha. Nilikuwa na safari ya Lilongwe kwa jambo jingine, nikaitia karatasi ya mama jirani mfukoni. Kutoka kambini kunahitaji kibali, kibali ni karatasi, na karatasi na mvua hazipikiki chungu kimoja. Kwa hiyo kibali nilikitia kwenye mfuko wa plastiki, ule ambao Watanzania huuita rambo na Wamalawi huuita jumbo. Sijui kwa nini kitu chembamba vile kinapewa majina ya mabavu. Serikali imeipiga marufuku ile myembamba, kwa hiyo wangu ni wa kale, naukunja kwa heshima na simwonyeshi mtu.

Ndani ya basi dogo dirisha lilikuwa halifungi. Tulipofika Kanengo abiria mmoja, mkulima wa tumbaku, alituonyesha kwa kidevu upande wa mnada, akaanza kueleza jinsi robota inavyokataliwa ikiwa na unyevu kupita kiasi. Nikamsogelea. Akasema tumbaku ikizidi kukauka inavunjika, ikizidi kulowa inaoza, na katikati pana mahali pake panapotakiwa, na wanunuzi wanapajua. Mwenzake wa nyuma akadakia kwamba hata mahindi ya kuweka ghalani yana kipimo, asilimia 12 na nusu au 13, wana kifaa, wanachoma kwenye gunia na namba inatokea. Nikawauliza kama kifaa hicho kinaweza kuchomwa ukutani. Wakacheka, wakadhani nafanya mzaha. Hakuna aliyenijibu. Kuna nchi ambayo hindi lina haki ya kujua kiasi cha unyevu wake kwa nukta, na binadamu anachagua kati ya visanduku vitatu.

Capital Hill ni kilima cha wizara. Serikali ilihamia Lilongwe kutoka Zomba mwaka 1975, kwa amri ya Kamuzu, na sababu iliyotolewa ni kwamba Lilongwe ipo katikati ya nchi na mkoa wa kati ulihitaji kuendelezwa. Sina ugomvi na sababu hiyo. Ila nimeambiwa jinsi mvua inavyoshuka kutoka ule mlima wa Zomba, na mimi kama mtu mwenye vyeti vilivyoota ukungu nina dhana yangu kuhusu kilichowahamisha makarani. Majengo ya kilimani yamesimama kwa zege, na mvua pale inajua mipaka yake: inanyesha nje. Niliingia ofisi moja, ambayo wala haihusiki na karatasi ile, nikamkuta karani kijana, mpole, shati limenyooshwa likasimama. Nililitazama shati lile kwa muda. Lilikuwa kavu hadi kwenye kola.

Nikamwonyesha kisanduku cha katikati. Akasoma, akafikiri kwa dhati. Sitaki kumsema vibaya, alijitahidi.

"Achimwene," alisema, "damp ni pale unapohisi bila kuona. Wet ni pale unapoona."

"Na kama unaona asubuhi na kuhisi mchana?"

"Hapo unachukua wastani."

"Na kama kidole kinaingia?"

Akaweka kalamu chini. "Kidole kinaingia wapi?"

"Ukutani."

"Kidole kikiingia," alisema polepole, "hilo ni suala la ofisi nyingine."

Nilirudi nimeloa. Mvua ilinikuta kati ya Lumbadzi na njia panda, dirisha likiwa lilelile, na kibali kilikuwa salama kwenye jumbo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nje. Usiku goti likaanza. Mama jirani, ambaye husikia goti la mtu kupitia ukuta, akaleta mafuta ya kuchua na utambuzi wake: baridi yabisi.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana hii nayo ina yake. Yabisi ni ukavu, ni Kiarabu. Kwa hiyo mtu aliyelowa kuanzia kisogo mpaka unyayo ameambiwa na lugha yake mwenyewe kwamba anaumwa baridi kavu. Si bahati mbaya. Ni matokeo ya waganga wa Kiyunani, Hippocrates na baadaye Galen, waliofundisha kwamba mwili umejaa maji ya aina nne, damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi, kila moja ikiwa na joto au baridi yake, unyevu au ukavu wake. Waislamu waliirithi elimu hiyo, Ibn Sina akaipanga kitabuni, na mabaharia wakaileta pwani yetu, ambako mpaka leo bibi wa Lamu au Unguja atakuambia chakula hiki ni cha moto na kile cha baridi bila kugusa sufuria. Baridi na ukavu pamoja ni tabia ya nyongo nyeusi, ambayo ndiyo iliyosingiziwa pia huzuni na kununa. Nilipolisikia hilo nikamwelewa mama jirani. Alikuwa anatibu goti na safu kwa mkupuo mmoja.

Na yale maji manne, Warumi waliyaita umor, unyevu. Kutoka hapo Waingereza wakapata humid, hali ya hewa ya Mombasa, na kutoka hapohapo wakapata humour. Kwanza yalikuwa maji ya mwilini. Kisha ikawa tabia ya mtu, kwa sababu maji yaliyozidi ndiyo yaliyoaminiwa kumfanya awe mkali au mzito; Ben Jonson alipoandika mchezo wake wa kuigiza wa mwaka 1598 kuhusu watu na humour zao, alikuwa na maana hiyo ya tabia zilizopinda. Watu wakawacheka wenye tabia zilizopinda, na neno likahama tena, kutoka kwa anayechekwa kwenda kwenye kicheko. Ndiyo maana Mwingereza akisema ucheshi anasema, kwa asili yake, majimaji. Mhariri wangu ananidai unyevu kila toleo na hajui. Mimi nao ninao, wa bure, unapanda wenyewe kutoka chini, na bado anasema safu iliyopita ilikuwa kavu.

Karatasi ya mama nilitia tiki kwenye kisanduku cha katikati. Pembeni, kwa herufi ndogo, nikaandika kwa Kiingereza kwamba nyumba inalia usiku na kidole kinaingia. Tuliipeleka. Ilipokelewa vizuri sana, ikawekwa juu ya karatasi nyingine.

Mama hakungoja majibu. Alimwita fundi, Mrundi mmoja anayeheshimika mtaani kwa sababu nyumba alizojenga zinaanguka taratibu. Fundi alizunguka nyumba, akagonga, akanusa, akachubua plasta kwa ukucha.

"Hii haina dipisii," alisema.

"Dipisii ni ugonjwa?" mama aliuliza, na wote wawili wakanigeukia mimi.

Nikawaeleza. Ni herufi tatu za Kiingereza, na ya kwanza ni yuleyule jamaa yetu wa migodini. Ni tabaka la kuzuia maji, zamani lami au mawe ya sleti, siku hizi aghalabu plastiki nyeusi, linalolazwa juu ya msingi kabla ya tofali za ukuta kupanda, ili maji ya ardhini yakifika hapo yakute mlango umefungwa. Uingereza wamekuwa wakiliweka majumbani tangu karne ya 19. Fundi alitikisa kichwa kuthibitisha, ingawa karne ya 19 niliona hakuiafiki.

"Basi liwekwe," mama alisema.

"Linawekwa kabla ya ukuta, mama."

"Ukuta si upo?"

"Ndiyo shida yenyewe."

Mama alikaa kwenye kigoda chake, akaitazama nyumba, akamtazama fundi. Akasema hatabomoa, yeye si kichaa; fundi aseme kitu kingine. Fundi akasema kuna mfereji wa kuzunguka nyumba, kuna kurefusha paa ili maji yadondoke mbali na ukuta, na kuna kupiga lipu ya saruji huku chini, ingawa saruji peke yake, alionya, huyaficha maji tu, yakapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Akataja bei. Mama akasema mfereji atachimba mwenyewe na wajukuu. Fundi akapunguza. Mama akasema nyasi za paa anazo. Fundi akapunguza tena, kidogo, kwa uchungu. Ilibaki tofauti ndogo tu kati yao, na mama akanikonyeza kwamba sasa ndio wakati wa msomi kusaidia: niseme naye yale maneno kwa Kiingereza, kwa kirefu, ili ajue mama hana watu wajinga nyuma yake.

Nikasafisha koo, nikamtajia yote matatu, damp-proof course, kwa lafudhi iliyonigharimu umande mwingi. Fundi akaniangalia kwa heshima mpya kabisa, akamwangalia mama, akapandisha bei.